Chai Iliyongoja Jua

Siku moja ya Kiptere imenikalia kichwani tangu asubuhi, mwanangu, na nadhani wewe ndiye umeileta. Umeingia hapa na kamera mpya shingoni, ukanywa chai yangu mbio mbio, kisha ukaniuliza swali moja tu: mwanga mzuri wa kupiga picha mashamba ya majani chai ni saa ngapi. Hukuniuliza kitu kingine. Nami nimechoka, nikuambie ukweli. Miguu imechoka, macho yamechoka, na zaidi ya yote nimechoka na picha nzuri. Lakini keti. Mwanga mzuri ni saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwa bado uko juu ya majani. Jibu lako ndilo hilo. Sasa nisikilize mimi kidogo, hiyo milima haihami.

Miaka ya tisini ikianza, nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzi juzi, mwenyeji wa Kipkelion, na nilikuwa nimeajiriwa na mzee mmoja wa Nakuru aliyekuwa akichapisha kalenda na kadi. Kamera ilikuwa yake, filamu ilikuwa yake, hata mfuko wa kubebea ulikuwa wake. Alinituma huku Kericho na Bomet kwa sababu nilijua Kikipsigis na sikuogopa matope. Kazi yangu ilikuwa kupiga milima, maua na bustani. Nilipiga nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya nyumba za mameneja, nikapiga ua wa miti ulionyolewa ukawa sawa pande zote, nikapiga maporomoko ya maji na mijakaranda ya barabarani. Watu wa vijijini walikuwa wamezoea mpiga picha wa harusi na wa kitambulisho. Mtu mzima, tena msichana, kuchuchumaa mbele ya kichaka na kukipiga picha, hilo liliwashinda. Wengine walikuwa wananiombea wazi wazi.

Yule mwenye kalenda alikuwa na sheria moja: picha isiwe na mtu. Alisema mtu ukimweka kwenye kalenda anazeeka, nguo zake zinapitwa na wakati, lakini mlima unabaki mlima. Basi kwenye mashamba makubwa nilikuwa naenda kwa nyapara, nikamwomba awasogeze wachunaji upande wa pili wa kilima hadi nimalize. Walikuwa wakisogea, vikapu mgongoni, nami nikibaki na kijani kitupu hadi mbinguni. Kila mtu aliyekiona kile kijani alisema ni kama paradiso. Nami nilikubali, nilikuwa mdogo.

Kiptere nilienda kwa sababu ya shamba la Mzee arap Sigei. Lilikuwa linateremka kutoka barabarani hadi mtoni, chai yote, na katikati njia ndogo ya mawe iliyopandwa maua pande mbili, mawaridi na yale maua mekundu yanayopandwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Ukisimama juu unaona kila kitu hadi miti ya ng'ambo. Arap Sigei alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata siku ya kazi, mkarimu sana. Nilipomwambia nataka shamba lake liende kwenye kalenda alifurahi hadi akaita majirani. Mkewe tulimwita Bot Chelangat, yaani mama Chelangat, kwa jina la binti yao mkubwa. Yeye alinisalimia kwa mikono yote miwili na kurudi jikoni.

Basi tukiwa pale juu na mzee, nikamweleza kazi yangu, vile mtu yeyote hueleza kazi yake. Nikamwambia chai iliyochunwa inatoka nyeusi kwenye picha, lakini ile ambayo haijachunwa, machipukizi yakiwa juu, inang'aa ikipata jua la asubuhi. Sikumwomba kitu. Ni yeye mwenyewe aliyegeuka akapaza sauti kuelekea nyumbani kwamba kuanzia leo mtu asiguse majani hadi picha ipigwe. Mimi nikashukuru. Nilidhani ni jambo la asubuhi moja.

Wewe umezaliwa mjini kwa hivyo nitakufafanulia. Chai haina subira. Kituo cha kununulia majani kinataka majani mawili na kichipukizi, laini. Ukiyaacha yakapita siku zake yanakuwa magumu, na karani wa kituo akiyashika tu anajua, anakurudishia. Kwa hivyo mtu wa chai anazunguka shamba lake wiki nenda wiki rudi bila kupumzika, mvua ikinyesha, mtoto akiugua, ameenda tu. Kumwambia mtu kama huyo aache majani yakae ndiyo yapendeze, hata sijui nikufananishie na nini. Na aliyeambiwa hivyo hakuwa arap Sigei. Namba ya shamba kule kituoni, ile ya kulipiwa, ilikuwa ya arap Sigei, lakini mikono ya kuchuna ilikuwa ya Bot Chelangat.

Na ukungu ukaja. Nilikuwa nalala kwa shangazi yangu kule Sigowet, nikiamka gizani, nikipanda hadi kwa arap Sigei, na nikifika hata ng'ombe wake simwoni. Tunakaa sebuleni tukingoja jua. Bot Chelangat analeta chai, anamimina, anatoka. Jua likijaribu kutoka, mvua inalifunika, narudi Sigowet na viatu vilivyojaa maji. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa vile vile. Mzee alikuwa akinitia moyo, akisema Mungu atafungua mbingu. Msichana wao Chelangat alikuwa pale nyumbani, siku za shule, akipita na ndoo za maji, na mimi sikujiuliza mbona hayuko shuleni.

Asubuhi ambayo jua lilitoka, lilitoka kweli. Nilipanda ile barabara nikikimbia na kamera ikinigonga kifuani. Nilipofika juu nikakuta nusu ya shamba imechunwa. Sehemu ya chini yote ilikuwa nyeusi, na Bot Chelangat yuko katikati, karatasi ya nailoni kiunoni ya kuzuia umande, kikapu mgongoni, mikono inaenda bila yeye kuiangalia. Chelangat alikuwa safu ya pili yake. Arap Sigei amesimama barabarani na kofia mkononi anafoka, kwamba ameaibishwa mbele ya mgeni, kwamba neno lake nyumbani halisikiki. Mama hakuinua hata kichwa.

Aliponiona akaweka kikapu chini na kupanda pole pole hadi nilipokuwa. Alimpita bwana yake kana kwamba hayuko. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi angenitukana.

"Mama yako analima nini?" akaniuliza.

Nikamjibu, mahindi.

"Mahindi yake ikikauka, anaiambia ingoje mgeni?"

Akapangusa mikono kwenye nailoni, ile mikono yenye weusi wa majani usiotoka hata ukisugua.

"Leo ndio wanafunga hesabu ya majani ya mwezi," akasema. "Nisipopeleka leo, pesa inaingia mwezi ingine, na huyu msichana anakaa hapa na mimi bila karo mwezi ingine. Wewe sina ubaya na wewe. Lakini hii shamba si ya kuangalia. Ukitaka kuipiga, nipige na mimi nikiwa ndani nikifanya kazi yangu. Kama nakuharibia, basi enda nyumbani."

Akateremka, akabeba kikapu, akaendelea. Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, wengine na vyeo vyao, lakini hakuna aliyenikemea kwa upole ule. Nilisikia aibu hadi masikioni. Nikaipiga ile picha. Juu chai inang'aa, chini imechunwa, njia ya maua inapita katikati, na chini kabisa Bot Chelangat amesimama wima, kitambaa chekundu kichwani, ameinua uso akitazama kamera sawasawa. Hakutabasamu. Nilijua papo hapo kwamba sitapiga picha nyingine kama ile, na kweli sijapiga.

Mchana huo niliwasindikiza kituoni. Karani akatia mkono guniani, akamwambia mama ayamwage yote kwenye turubai ayachambue, magumu kando. Mbele ya watu wote. Bot Chelangat akapiga magoti akaanza. Basi nikamwona arap Sigei anavua koti, analikunja, anapiga magoti karibu na mkewe na kuanza kuchambua naye, mzee mzima wa kanisa. Hakusema samahani kwa mdomo. Lakini yaliyokuwa magumu yalikuwa mengi, na lori la kubeba majani halikungoja wamalize. Chelangat hakurudi shule mwezi ule.

Niliporudi Nakuru nilimwambia mwenye kalenda, ni hii picha au uniachishe kazi. Alibishana sana kuhusu huyo mama pale chini, kisha akaitazama kwa muda mrefu, akasema haya, iende vile ilivyo. Niliona nimeshinda vita. Mwaka ulipokaribia kuisha zikatoka kalenda, akanipa moja imefungwa, nami sikuifungua. Nilitaka tuifungue pamoja. Nikaifunika na magazeti isilowe, nikaenda nayo Kiptere, na arap Sigei akaita majirani tena.

Akaifungua mezani. Watu wakashangilia, wakaonyeshana mto, wakaonyeshana ile miti, mtu mmoja akasema hata mawe ya njia yanahesabika. Ilikuwa imetoka vizuri, siwezi kuikosoa. Na pale chini, mahali ambapo tarehe hukaa kwenye kila kalenda, walikuwa wameweka tarehe. Karatasi nyeupe, miezi yote kumi na miwili imejipanga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mpiga chapa aliweka tarehe mahali pa tarehe. Kilichobaki ni ncha ya kitambaa chekundu juu ya neno Machi, na mtu asiyejua angedhani ni ua moja limechipuka mbali na mengine.

Bot Chelangat alikuja akipangusa mikono. Watu wakampisha. Akaitazama picha kutoka juu, akashuka nayo taratibu, mlima, miti, chai, maua yake aliyoyapanda mwenyewe. Akafika chini. Akaweka kidole juu ya zile tarehe, akakisogeza kidogo, kikasimama.

"Mimi niko hapa chini," akasema.

Hakulia, hakunung'unika. Akauliza ni nani hajapata chai, akarudi jikoni. Arap Sigei aliikunja ile kalenda akaiweka kabatini, na haikutundikwa ukutani hata siku moja. Mimi nilienda Nakuru kumwomba bosi ile negativu, yaani filamu yenyewe, nimsafishie mama picha yake nzima. Akasema iko kwenye maboksi, nitafute nikipata nafasi. Nilitafuta mara nyingi, na kila nikikosa nilisema mwaka ujao. Baadaye duka lake lilifungwa, maboksi yakaenda nisikojua, na Bot Chelangat akafa bila kuiona. Chelangat aliniandalia chai siku ya mazishi, akaniuliza kama nilikuwa na picha yoyote ya mama yake shambani. Nilimwambia sina.

Ndiyo maana nimechoka na picha nzuri, mwanangu. Watu wananiambia nilipiga paradiso, na mimi nikiitazama paradiso yangu naona tu wale waliosogezwa upande wa pili wa kilima. Kila kalenda ninayoikuta ukutani naangalia kwanza chini, pale kwenye tarehe. Siwezi kujizuia.

Basi nenda Kiptere, nenda Bomet, nenda kokote unakotaka, sikukatazi. Lakini ukifika, weka kamera mfukoni kwanza uulize leo hapa kuna kazi gani. Uliza kwa yule mwenye mikono michafu, wala si kwa yule mwenye kofia tu. Usikubali shamba la mtu likungoje, hata mwenyewe akisema litangoja, kwa sababu anayelipia huko kungoja huenda hata hukusalimiana naye vizuri. Bustani ikikupendeza, jua kuna mtu aliyeinama pale kabla yako. Mwache aingie. Akikuharibia mpangilio, shauri yako, tafuta mahali pengine pa kusimama. Na picha ikishatoka mkononi mwako usiamini watu. Ifuate hadi pale itakapokatwa, uone nani amekatwa nayo. Kisha umpelekee mwenyewe ya kwake nzima akiwa bado hai. Usiseme mwaka ujao. Mimi nilisema mwaka ujao.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe miguu ya kupanda ile milima na akurudishe salama kwa mama yako. Akupe ulimi wa kuuliza kabla ya jicho la kutazama. Mlango wowote utakaoingia upokelewe kwa mikono miwili, na ukitoka wasijute kukukaribisha. Na siku yako wewe ikifika, umeinama kwenye kazi yako na hakuna anayekutazama, apite mtu mwenye kamera akuache ndani ya picha.