Miezi Sita ya Nidhamu

Nilikuwa nasuka nywele za mteja saluni, hapa Greyville, mjini Durban, simu ilipolia. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Februari 2015.

"Wewe ni dada wa yule mlinzi anayesoma-soma vitabu?" aliuliza mwanamume nisiyemjua.

"Ndiyo."

"Lori limerudi nyuma, limembana kwenye geti. Amekufa. Kuja na karatasi zake, polisi hawajui waandike jina gani."

Nilikaa chini. Mteja akanitazama kwenye kioo. "Eish, pole, mama. Lakini upande huu umebaki. Nitatembea namna gani hivi?"

Nikasimama, nikamalizia upande ule. Mpaka leo sijui kwa nini.

Kaka yangu Anicet Nimbona alikuwa na miaka arobaini na moja. Kwetu Bujumbura alifundisha Biblia. Durban alifika mwaka 2009, akapata kazi ya kufungua na kufunga geti la yadi ya malori kule Clairwood. Madereva walimwita Dokta kwa sababu ya vitabu vyake. "Dokta, fungua! Yesu anarudi, na mimi iko na kontena bandarini!" Alicheka pamoja nao. Hakuwa mtu wa kununa.

Mwaka 2011 alikuja mgeni kanisani kwetu, mchungaji Mwamerika mweusi. Alitueleza habari za seminari aliyofundisha. Walioianzisha ni watu waliotoka utumwani, kwa kuwa vyuo vya wazungu viliwafungia milango. Darasa lao la kwanza lilikaa chini ya kanisa, katika chumba cha makaa ya mawe, na wanafunzi walitoka na makaratasi meusi. Kaka alinishika mkono njia yote mpaka nyumbani. "Goreth, umesikia? Ndani ya makaa! Na mimi niko na kibanda kizima, na taa juu."

Aliandika barua, wakampokea asome kwa mbali. Alisoma miaka mitatu ndani ya kile kibanda cha getini. Insha aliziandika kwa mkono, nami nikazipiga kwenye kompyuta katika duka la simu la jirani yetu Prodige. Ya mwisho ilihusu mahubiri ambayo mabwana waliwahubiria watumwa wao: tiini, tiini, hakuna lingine. Walimu waliisifu sana. Kikabaki kitu kimoja. Seminari ile haimpi mtu diploma mpaka mchungaji wake athibitishe kwa barua kwamba anatumika kanisani. Mwisho wa kupeleka ulikuwa tarehe 30 Septemba 2014. Bila diploma, kanisa letu lisingemwekea mikono awe mchungaji, na hilo ndilo alilolitaka tangu ujana wake.

Mchungaji wetu, Pasta Séverin, alikuwa amesoma semina ya wiki tatu tu. Miezi miwili alimzungusha. Mara kalamu haina wino, mara wazee hawajakaa. Mwishoni akatuita ofisini.

"Ndugu Anicet, ninyi mkisoma kidogo mnavimba. Mlinzi wa geti anataka kuitwa Reverend! Omba msamaha wa kiburi mbele ya kanisa, nitaandika barua siku hiyo hiyo."

Nje, Anicet aliniambia, "Sina kiburi, mdogo wangu. Nitaungamaje uongo mbele ya Mungu?"

"Piga magoti tu, kaka. Ni dakika moja. Barua utaipata."

Nilisema hivyo mimi, kwa kinywa changu.

Kanisani kwetu, anayeungama dhambi hadharani huwekwa chini ya nidhamu miezi sita. Hukaa benchi la mlangoni, hashiriki meza ya Bwana, hapewi barua yoyote ya kanisa. Akifa kabla haijaisha, mwili wake hauingizwi kanisani na kwaya haiimbi. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa wazinzi na walevi. Sikufikiri kiburi kinahesabiwa.

Jumapili ya tarehe 21 Septemba alipiga magoti. Kuna waliocheka. Mmoja alisema kwa sauti, "Dokta leo amefeli!" Alipoinuka, katibu wa wazee alisoma jina lake kwenye orodha ya nidhamu. Baada ya ibada nikamkimbilia Pasta.

"Barua, Baba Mchungaji?"

"Barua ya mtu aliye chini ya nidhamu? Dada Goreth, unataka nivunje sheria ya kanisa?"

Anicet hakunilaumu. Aliwaandikia walimu wake ukweli wote, nao wakajibu kwamba watamngoja mpaka Mei. Basi kila Jumapili akaenda kukaa mlangoni, akawapa watu vitabu vya nyimbo. Nidhamu ingeisha tarehe 22 Machi.

Lori lilipomuua zilikuwa zimebaki wiki tano na siku chache. Mimi na Kaneza, mke wa marehemu, tulirudi kwa Pasta kumwomba mwili uingizwe kanisani. Tulipiga magoti, sote wawili.

"Sheria haijui wiki tano," alisema.

"Wewe ndiye uliyemwambia aungame!"

"Na nani alimsukuma? Aliniambia mwenyewe kwamba ni wewe."

Kaneza alikuwa hajui. Aligeuka akanitazama, kisha akatoka. Hajasema nami tangu siku ile. Namwomba Mungu anisamehe, na Kaneza nimemwomba pia.

Tulimzika Jumamosi, tarehe 21 Februari, katika makaburi ya manispaa. Pasta hakuja, wala wazee. Kutoka kanisani walikuja watu saba. Madereva sita wa Clairwood walibeba jeneza. Hakukuwa na wa kuongoza, basi nilisoma Zaburi, nikaomba kwa Kirundi. Madereva waliimba wimbo mmoja kwa Kizulu. Kaneza alitupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata, kisha wanaume wakachukua makoleo. Walimaliza saa sita na nusu. Tuliweka msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka yake, tukapanda teksi, tukarudi nyumbani.