Mama Alivyovaa kwa Ajili ya Kwizi

Nilimdanganya mama yangu kwamba chuo kinamwona. Nianze na hilo kabisa, maana nikizunguka mtadhani nina la kujitetea. Nilimwambia kwamba kila akifungua ule mfumo wa chuo kwenye simu, awe anasoma notsi, awe anajibu maswali, kuna mhadhiri upande wa pili amekaa anamtazama, na kwamba mavazi yana maksi zake. Akaniamini. Mwanamke aliyefundisha shule ya msingi miaka ishirini, anayejua mtoto amekula chaki kwa kumtazama midomo tu, aliniamini mimi.

Si mjinga, msimcheke mapema. Wiki ya kwanza ya masomo yake ya digrii kwa mtandao, mhadhiri aliitisha kipindi cha moja kwa moja, na mwanafunzi mmoja, baba mzima, akajisahau kamera ikiwa inafanya kazi. Kifua wazi, anatafuna muwa, makapi anatemea pembeni. Mhadhiri, kijana mwenye sauti kavu, akasema, "Ndugu yetu wa muwa, tunaomba uvae shati." Mama aliruka kwenye kiti kama aliyeambiwa ni yeye.

"Kumbe wanaona?"

"Wanaona, mama."

"Hata mimi sasa hivi?" Alikuwa amejifunga khanga ya jikoni, nywele zimefumuliwa nusu.

Mtoto mwema angemwambia kwamba kamera yake imezimwa, na kwamba hata hizo za wenzake huwaka kwenye vipindi kama hivi tu. Mimi nikasema, "Ukishaingia ndani ya mfumo, mama, wanakuona muda wote. Unadhani wanazuiaje watu kuibia?"

Nilikuwa na sababu zangu. Nilisoma shule ileile anayofundisha yeye, miaka saba. Wenzangu kwa kosa moja walichapwa fimbo mbili, mimi nne, ili isisemwe kwamba napendelewa. Halafu jioni tukirudi nyumbani Lipangalala, ambako tunaishi wawili tu, ananiuliza, "Mkono bado unauma, baba?" kana kwamba aliyenichapa ni mama wa mtu mwingine. Kwa hiyo siku aliponijia ameshika simu kwa mikono miwili kama anayebeba uji wa moto, akasema, "Baba, nisaidie kuingia," niliona deni langu limekuja lenyewe kwa miguu.

Na aliihitaji kweli hiyo digrii. Alikuwa anakaimu ualimu mkuu. Wakubwa walishamwambia wazi: ukivuka mwaka wa kwanza tunakuthibitisha, ukikwama kiti anakalia mwalimu mwingine, kijana mwenye digrii yake tayari. Kijana huyo kusoma a-e-i-o-u alifundishwa na mama, darasa la kwanza.

Basi ikawa kila jioni ya masomo, mama anavaa. Kitenge cha akina mama wa kanisani, kilichopigwa pasi. Wigi. Hereni. Ifakara hii, joto la kukaangia dagaa, mama na wigi. Simu anaiegemeza kwenye kopo la sukari, anakaa mbele yake.

"Nimwamkie?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ukikaa kimya ni dharau, mama."

"Lakini huyu si mtoto mdogo tu?"

"Cheo, mama."

Akainama kidogo. "Shikamoo mwalimu." Akasubiri. Mfumo ukafunguka, ukaandika karibu tena na jina lake. Nikamwambia, "Ameitikia."

Washikaji zangu wawili walikuwa nje ya dirisha, wamekalia magunia ya mpunga. Mmoja alikuwa ameuma kola ya shati lake hadi machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo hawakukosa. Walikuja kama watu wanavyokwenda kuangalia mpira, na wakaanza kuleta mapendekezo. Mwambie wanapenda mtu akae wima. Kesho yake mama alikaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mwambie asijikune. Mbu wa bonde hili mnawajua; nilimwona mama yangu akiumwa shavuni, akiuangalia mfumo, mkono umetulia mezani, macho yanamtoka. Nje magunia yalikuwa yanatikisika.

Kilichonikera kidogo ni kwamba alikuwa anafaulu. Kila kazi akiweka, maksi zinarudi nzuri, na yeye ananigeukia: "Unaona? Unadhifu nao ni elimu."

Mwezi wa tano ikaja kwizi ya mwisho. Hiyo usipoifanya hukai kwenye mtihani, na somo unalirudia mwakani, yaani mwaka hujauvuka. Inafunguliwa mara moja tu, unapewa saa moja, na ilikuwa inafungwa Jumapili saa sita usiku. Mama wiki nzima alikuwa na shule, na Jumamosi akaenda Mofu kuvuna mpunga wetu kabla ndege hawajaumaliza. Simu akaniachia, kule shambani hakuna pa kuchaji. "Ukiona tangazo lolote la chuo, nikirudi uniambie. Wewe ndiye macho yangu."

Jumamosi jioni tangazo likaja. Mfumo utafanyiwa matengenezo, kwa hiyo kwizi itafungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni. Nikalisoma. Nikaendelea na mambo yangu.

Jumapili mama alifika saa kumi. Bodaboda ilikuwa imeteleza njiani wakaangukia kwenye dimbwi wote wawili, yeye na dereva. Matope hadi kiunoni, makapi ya mpunga kwenye nywele, kiatu kimoja kimekatika. Washikaji walikuwepo tayari dirishani. Mama hakukaa hata.

"Nioge haraka, nifanye ile kwizi, nipumzike."

Angeifanya vilevile alivyo, saa kumi na moja angekuwa amemaliza. Nikasema, "Oga vizuri, mama. Leo ndiyo kubwa. Wataangalia mpaka kucha."

Mshikaji mmoja aliziba mdomo akakimbilia mbali kwenda kucheka.

Bombani maji hayakuwepo. Akachukua ndoo akaenda kuchota kisimani kwa jirani; mimi nilisema mguu unauma. Akaoga. Umeme nao ulikuwa umekatika, akatafuta pasi ya mkaa, mkaa umelowa, akapuliza mpaka macho mekundu. Akanyoosha kitenge, marinda moja moja. Kucha alizisugua kwa brashi ya viatu, tope la Mofu halitoki, akazisugua tena. Saa kumi na moja ilipita tunaiona. Na nusu ikapita, yeye bado anatafuta hereni ya pili.

Mshikaji aliyebaki alininong'oneza kupitia dirishani, "Oya, si mwambie sasa?"

Nikamwambia atulie. Nikimwambia mama awahi, atasema basi niingie hivihivi, halafu atasema lakini wataniona, halafu nitabaki na la kusema ambalo sikutaka kulisema mbele ya mtu. Ningeweza kumwambia kamera ya chuo leo mbovu. Uongo mmoja zaidi, mdogo tu. Mimi bingwa wa uongo, nilikosa ule mmoja wenye faida. Na nisifiche: nilitaka kuona kama atavaa wigi juu ya kichwa kibichi. Alivaa.

Alikaa mbele ya kopo la sukari saa kumi na mbili na dakika mbili.

"Shikamoo mwalimu."

Akabonyeza. Akasogeza uso karibu.

"Imeandika nini hii?"

"Imefungwa, mama."

"Imefungwa na nani?"

"Muda umeisha. Walibadilisha, ikawa saa kumi na mbili."

"Walibadilisha lini?"

"Leo," nikasema.

Nilitegemea apige kelele. Alijifuta tu jasho kwenye paji la uso. "Basi hakuna neno. Si wameniona? Dakika mbili tu. Andika, nitakutajia. Weka pale wanaposoma wote, wenzangu wawe mashahidi."

Nilipogeuka kuangalia dirishani, yule mshikaji wa pili naye alishaondoka. Nikaandika, neno kwa neno, kwenye jukwaa la darasa lao:

"Shikamoo mwalimu, na wenzangu habari za Jumapili. Nimechelewa kidogo kwa sababu ya shamba. Naomba uangalie kamera yako, kuanzia saa kumi na mbili na dakika mbili utaniona nimekaa tayari, nimevaa vizuri kama siku zote. Sijawahi kuingia kwenu nikiwa mchafu hata siku moja. Naomba nifunguliwe."

"Tuma," akasema. Nikatuma.

Majibu hayakuchelewa. Wa kwanza aliweka vile vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Mwingine: "Dada, kamera gani tena?" Mwingine: "Yaani huwa unavaa?" Yule baba wa muwa akaandika, "Mimi kwizi zote nimezifanyia chooni na sijawahi kuitwa." Hilo lilichekwa na watu wengi kuliko yote. Ningekuwa si mimi, ningelicheka.

Halafu likaja la mhadhiri. Mama hakuniachia nimsomee, alilisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno kama anavyowafundisha darasa la kwanza:

"Mwanafunzi, kwizi haina kamera. Tangazo la mabadiliko lilitolewa jana, na mfumo unaonesha ulilifungua jana hiyohiyo saa moja na dakika kumi usiku. Ombi lako halikubaliki."

Kidole kilibaki pale kwenye saa moja na dakika kumi. Saa hiyo yeye alikuwa Mofu, simu ilikuwa mfukoni mwangu. Miezi mitatu namwambia wanaona, na hawakuwahi kumwona hata mara moja. Walichokiona ni hicho tu, nilichokifungua mimi.

Alivua hereni. Akavua wigi, akaliweka juu ya kopo. Akaenda jikoni kuwasha moto, na nilipomaliza kula akanyanyua sahani yangu.

Sikuwahi kuogopa hivyo. Fimbo naijua, ina mwanzo na mwisho. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akaniuliza kama nina kalamu. Ikawa hivyo kila siku. Washikaji waliacha kuja. Tukikutana shuleni, mmoja akianza kusimulia habari ya kucha na brashi ya viatu, watoto wa kidato cha kwanza wanacheka mpaka wanakaa chini, na mimi nacheka nao.

Mwezi haukuisha, barua ya wakubwa ikaja. Mama alikabidhi funguo za ofisi kwa yule kijana wake wa a-e-i-o-u. Nilisikia kwa watu kwamba kijana alipiga goti akamwamkia huku amenyoosha mkono kuzipokea, na kwamba mama alimwonesha kabati lenye kitasa kibovu, jinsi ya kulinyanyua kidogo ndipo lifunguke.

Siku hiyo alirudi mapema. Alikaa mezani na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeliandaa kwa wiki tatu, lakini lilipotoka lilikuwa fupi.

"Mama, nilikuwa natania."

Hakuinua kichwa. "Lile tangazo, ulipolisoma, ulilielewa?"

"Nililielewa."

"Na nilipofika na matope yangu, ulikuwa unalikumbuka?"

"Ndiyo."

Alisahihisha daftari moja lote, hesabu za kutoa, akalifunga, akavuta jingine.

"Basi watu wakikuuliza, usiwaambie ulikuwa unatania. Waambie ulijua. Na toka hapo mlangoni, unaniziba mwanga."