Kilio cha Mtu Aliye Hai

Siku hizi wananiita msanii. Neno lenyewe limenikuta nina wajukuu, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa jiko, na nimeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Baraka tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Miaka yote hiyo nilikuwa naimba, ila naimba kwenye vilio. Mtu akifa, familia inatuma mtu kuniita, nami nafunga kikwembe changu cheusi naenda kumlilia marehemu kwa wimbo. Hiyo si kazi ya kupigiwa makofi. Nikipita asubuhi mbele ya nyumba ya mgonjwa, wenyewe wanaharakisha kufunga mlango.

Kilio cha kwetu kina utaratibu wake. Mwimbaji anasimama mahali pa mfiwa: akifa mama, naimba kama mtoto wake, akifa dada, naimba kama mdogo wake. Wanawake waliokaa kwenye mikeka wananiitikia, "Ee mama, ee." Mwishoni, jeneza linapotaka kutoka, naimba kipande cha kumsindikiza. Hapo namwambia marehemu aende na asigeuke nyuma. Kipande hicho hakichezewi. Wakubwa wetu wanasema ukikiimba pasipo maiti, umemwita mtu aondoke, na mtu ataondoka.

Kijana mmoja wa redio ya hapa mjini alinirekodi kwa simu kwenye kilio cha mama mmoja muuza samaki. Marehemu hakuwa ndugu yangu, tulijuana kwa salamu za sokoni tu. Niliimba kama mdogo wake, nikimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu wa tumbo moja. Kesho yake asubuhi kijana akasoma matangazo ya vifo, na alipomaliza, bila kusema ni kilio cha nani, akaupiga wimbo wangu. Nadhani aliona unafuatana vizuri.

Baraka nzima inaijua sauti yangu. Na Baraka nzima inajua nina yaya mmoja tu, dada yangu mkubwa.

Walianza kuingia uani kabla sijamaliza kufagia. Wa kwanza alikuwa jirani na kuni kichwani, nyuma yake wanawake wa kanisani, wakilia. Yaya alikuwa ndani bado, nyumba zetu zikitazamana uani, kwenye kiwanja kimoja tunachokiita lupango. Niliwarudisha mmoja mmoja, huku nikicheka kidogo, nikidhani mambo yataishia hapo. Sikujua kuna mtu alishampigia simu mdogo wetu wa kiume, anayelima huko Lulimba.

Alifika alasiri kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Kwetu mfiwa haanzi kulia mlangoni, anaanzia kwenye kona ya njia, ili waliomo ndani wajue anakuja. Basi tulimsikia kabla ya kumwona. Aliingia uani na kuku chini ya kwapa, akilia kwa sauti nzito, na aliyenyanyuka kumpokea alikuwa marehemu mwenyewe, na ungo wa maharagwe mkononi.

"Nani alikufa?" yaya akauliza.

Kuku akaanguka. Mdogo wetu akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. "Banasema ni weye, yaya. Bote banasema ni weye."

"Mi? Mi iko natoa mawe mu maharagi."

Ningecheka, lakini yaya hakucheka. Aliomba asikie huo wimbo. Mwanangu akautafuta kwenye simu, na yaya akausikiliza akiwa amesimama, tangu mwanzo mpaka pale ninapomwambia aende. Ulipoisha aliweka ungo chini, akaingia kwake, akafunga mlango. Tangu jioni ile hakunisemesha tena. Nilimpelekea sombe la majani ya muhogo, bakuli likarudi limejaa. Nilimsalimia asubuhi, akaongea na mbuzi.

Na balaa halikuja peke yake, lilikuja na bahati. Watu walipigia redio simu wakitaka wimbo urudiwe. Vijana waliuweka kwenye simu zao. Niliusikia ukitoka kwenye pikipiki za abiria, kwenye vibanda vya kuchajia simu, hata kwenye boti la watu wa Uvira. Wanawake wanaoandaa sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu wakaja kuniomba niimbe kwenye uwanja wa parokia, jukwaani, mbele ya wageni kutoka Bukavu wenye studio. Walitaka wimbo ule ule. Walisema wageni wakiupenda, nitakwenda kurekodi.

Niseme wazi: niliutaka mwaliko ule. Niliutaka kama msichana anavyotaka nguo ya arusi. Maisha yangu yote watu walinihitaji siku ambayo hawakuwa na nguvu ya kunitazama usoni. Sasa nilikuwa naitwa nikiwa mimi, mchana, watu wakiwa wazima. Nani angekataa?

Wiki ile ile presha ya yaya ikapanda, wakamlaza hospitalini.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Waliniangalia tu. Kwenye barabara ya hospitali, mama mmoja niliyezoea kununua kwake mihogo alimvuta mjukuu wake upande wa pili nilipopita. Mdogo wetu, ambaye hakuwa amerudi Lulimba, alinisubiri getini.

"Kama yaya anakufa," akasema, "ile kilio utaimba mbele ya nani? Mi sitaitikia."

"Mimi nilimwimbia mama wa samaki."

"Lakini mwenye alisikia ni yaya."

Niliingia. Yaya alikuwa ameugeukia ukuta, mpira wa dripu mkononi. Nilikaa kwenye kitanda jirani kilichokuwa kitupu. Nilimweleza habari ya sikukuu, nikamwambia nimekuja kuomba ruhusa, na kwamba akisema hapana nitaacha. Moyoni nilikuwa naomba asiseme hapana.

"Ule mama ya samaki," akasema kwa ukuta, "alikubeba?"

Nilivuta shuka nikamfunika miguu.

"Alikutafunia muhogo? Alikufunika kinywa na mukono, ku mulima, juu baaskari basisikie unalia? Ni yeye?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati wa vita vya utoto wangu, tulipoikimbia Baraka kwenda milimani, yaya ndiye aliyenibeba. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Alinitafunia muhogo mbichi akanitemea mdomoni, na askari walipopita chini alinifunika kinywa mpaka nikakaribia kuzimia. Yote hayo niliyaimba kwenye kilio kile. Mwimbaji anatoa wapi machozi ya mtu asiyemjua? Anachota nyumbani kwake. Nilikuwa nimechota bila hata kufikiri, kama unavyotoa chumvi kwenye kopo lako.

"Ulimupatia mugongo yangu," akasema. "Mi niko hapa, tunakaa lupango moya, na mi siku gani uliniambia ata neno moya ya vile?"

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilitaka kumwambia kwamba katika ukoo wetu hakuna anayemwambia mtu mambo hayo, kwamba hata yeye hajawahi kuniambia lolote zaidi ya kufagia vizuri. Lakini kabla sijasema yeye aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio, kisha akafumba macho. Ndiyo hakusema, wala hapana. Nilitoka bila ruhusa na bila katazo, na hiyo ni mbaya kuliko vyote viwili.

Familia ikakaa kikao. Mdogo wetu akatoa hukumu: niimbe, kwa kuwa nimeshaahidi na maji yakimwagika hayazoleki, lakini kipande cha kumsindikiza nisikiguse. Nikikigusa, nisirudi uani. Nilikubali upesi. Nilikuwa naogopa kipande hicho kuliko wao.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa vikwembe vya rangi moja. Nilipanda jukwaani. Nikiwa napokea mikro, nikaona watu wanapisha njia. Yaya alikuwa anakuja, amemshika mkono mdogo wetu, kiganjani bado plasta ya hospitali. Wakamtolea kiti cha plastiki mstari wa mbele kabisa. Alikaa, akapanga kikwembe chake magotini, akanitazama kama anayengoja kuhudumiwa.

Nilianza. Nilimwita yaya, nikaacha nafasi ya kuitikiwa.

Kimya. Wanawake wale wote, ambao nimeimba kwenye vilio vya waume zao na mama zao, walikaza macho chini. Hakuna aliyetaka kumwitikia maiti aliyekaa mbele yake. Niliimba mstari wa pili nikaacha nafasi tena, jasho likinishuka mgongoni. Niliona mgeni mmoja wa Bukavu akimnong'oneza mwenzake. Nikafikiri: basi, imeishia hapa, nirudi kwenye ndagala zangu.

"Ee mama, ee."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyetoka kitandani. Yaya alikuwa ameitikia peke yake. Mstari uliofuata wakamfuata wawili, kisha mstari mzima, na nilipofika kwenye mistari ya mlimani uwanja wote ulikuwa unaitikia na mimi siuoni kwa machozi. Niliimba muhogo, niliimba mkono, nikiyasema kwake sasa, moja moja. Nilipofika ukingoni mwa kipande kile nilikiruka kama nilivyoahidi, nikainamisha kichwa. Makofi yakaanza.

Yaya akanyanyua mkono, na makofi yakanyamaza.

"Uliruka," akasema.

Nilikubali kwa kichwa. Mdogo wetu alimshika bega, yaya akautoa mkono huo.

"Uliruka pahali. Ku redio ilikuwako." Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Ile siku nitakufa mi sitasikia. Imba yote."

Nilitazama watu, nikamtazama yeye. Nikashusha mikro, kwa sababu kipande hicho hakikuwa cha wageni, nikamwambia yaya wangu aende na asigeuke nyuma. Naye kwenye kiti chake cha plastiki, macho wazi, akaniitikia.