Shemeji Aliyewapa Ng'ombe Mgongo

Shemeji yangu alirudi kutoka Zambia akiwa na viatu vipya na maneno mengi. Alishuka basi Bariadi, akachukua bodaboda hadi kwetu Mwamapalala, na kabla hajamaliza kunywa maji alishaanza: huko ardhi ipo, majani yanafika kiunoni, hakuna wa kukufukuza na mifugo yako. Alitaka tuhame wote, mimi, mume wangu ambaye ni mdogo wake, watoto wetu na zizi zima.

Mimi machale yalinicheza siku hiyo hiyo. Mtu anayekuja kuhamisha familia ya mwenzake, mbona ya kwake hakuja nayo? Nilimuuliza mkewe yuko wapi.

"Amebaki na ng'ombe, shemeji."

Picha alizotuonyesha kwenye simu zilikuwa na majani kweli, na ng'ombe walionona, lakini yeye mwenyewe hakuwemo hata kwenye moja, wala mkewe, wala mtoto. Nikaendelea kusonga ugali.

Mume wangu ndiye aliyenitia hofu. Miaka hii ng'ombe wetu wanatembea mbali kutafuta malisho, mbuga tuliyokuwa tunachungia imekuwa mashamba ya pamba, na tumeshapelekana na majirani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo kila neno la kaka yake lilimwingia. Haikupita wiki akawa ameshazungumza na mtu mwenye lori la kutuhamisha. Nikaona tunaingizwa mkenge mchana kweupe.

Lililonimaliza kabisa lilikuwa jambo la jioni. Kwetu mfugaji hata akiwa mgeni, ng'ombe wakirudi atasimama. Ataenda langoni mwa zizi awaangalie wakiingia, aulize yule ni mtoto wa nani, huyu mbona anachechemea. Hakuna anayemlazimisha, ni kwamba hawezi kujizuia. Na zizi hili ndilo alilokulia yeye. Lakini kila jioni, vumbi likianza kuonekana, shemeji aligeuza kiti akaangalia ukuta.

"Shemeji, ng'ombe wanaingia," nilimwambia.

"Nimewasikia."

Mtu mwenye zizi haketi hivyo. Nilimwambia mume wangu tukiwa jikoni, akanijia juu.

"Mama, yule ni kaka yangu. Unamchunguza kama mwizi?"

Namchunguza, ndiyo. Watoto ni wangu.

Kesho yake nilikibeba kiti chake mapema, nikakiweka langoni mwa zizi, nikamkaribisha mbele ya mdogo wake. Hakuwa na pa kukwepea. Ng'ombe wakaja. Jike mmoja mzee mwenye pembe iliyopinda, ambaye shemeji alimwacha akiwa ndama, alipita karibu akamnusa mkono. Shemeji akavua kofia, akajifunika uso.

"Wangu waliisha," alisema. "Ugonjwa uliingia, hakubaki hata mmoja. Tunafanya vibarua kwenye mashamba ya watu, mimi na mama watoto. Watoto hawana hata mtu wa kuongea naye Kisukuma. Nilitaka tuwe wengi."

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi siku nikimkamata. Sikufurahi. Nilimwonea huruma, na hasira ilikuwepo palepale, maana mtu huyu angewapakia watoto wangu kwenye lori kwa picha za ng'ombe wa watu. Alipokuwa anaondoka nilimfungashia michembe, viazi vikavu alivyovipenda tangu utotoni, nikamwambia amrudishe mkewe nyumbani. Akasema atafikiria. Mume wangu alimsindikiza hadi stendi ya Bariadi, na alichelewa sana kurudi.

Habari za Zambia hazikutajwa tena nyumbani. Nilidhani yameisha. Nikaanza kulala vizuri.

Juzi jioni nilikuwa uani napepeta choroko. Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi limetanda, watoto wanakimbia kufungua lango. Mume wangu hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, amegeukia ukuta, simu iko mkononi.

"Baba, ng'ombe wanaingia," nilisema.

"Nimewasikia."

Niliweka ungo chini, nikamuuliza lori linakuja lini.