Mjumbe Asiyepiga Kura

Mtaa mzima walimwita Mama Mikate, hata wale waliomjua kabla hajazaa wala kuoka. Tanuri lake la matofali lilikuwa uani, nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na ukipita uchochoroni asubuhi hukuhitaji kuulizia kwake ni wapi. Pua yako ingekufikisha. Alikuwa na mikono mizito na ulimi mwepesi. Mteja akibonyeza mkate kupima kama ni wa leo, alimwambia, "Ukishaubonyeza umeuoa," na mteja alilipa huku akicheka.

Mdogo wake wa kiume alikuwa kinyozi, na kinyozi yule alijua kusema. Watu walikwenda kunyolewa nywele zisizohitaji kunyolewa, ilimradi wamsikilize akichambua mambo ya nchi. Na mambo yalikuwepo. Wilaya yao ilijaa ofisi kubwa za serikali, lakini haikuwa na mbunge. Sheria ilisema ni wilaya ya nchi nzima, kwa hiyo itasimamiwa na serikali yenyewe. Kodi walilipa kama wengine, tena zilikuwepo kodi ambazo wilaya nyingine hawakuzijua hata kwa jina.

Baada ya malalamiko ya miaka mingi, wakapewa mjumbe mmoja. Atakaa bungeni, walitangaziwa, na atakuwa na haki ya kusema. Watu walishangilia wakasahau kuuliza ana haki gani nyingine. Walikuwa wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kinyozi akagombea. Dada yake alizunguka na kikapu kichwani, akimnadi mdogo wake kwanza, mikate baadaye. Alipochaguliwa, Mama Mikate alilia jikoni peke yake, akajifuta kwa aproni yenye unga, akatoka uso mweupe mbele ya wageni.

Kinyozi alikuwa akija mara kwa mara, sasa akiwa na suti, na kusimulia ya bungeni. Hili tumelipitisha, lile tumelikataa. Dada mtu alilishika lile "tumelipitisha" akaenda kulisambaza mtaani kama mkate wa moto. Kwa hiyo ilipokuja habari ya kodi mpya, ya kila tanuri na kila karakana yenye moto, waokaji wenzake waliingiwa na hofu, yeye hapana. Aliwaambia watulie, mdogo wake yumo.

Siku ya kupitisha kodi hiyo akaamua kwenda kujionea. Alimwomba wifi yake, mke wa kinyozi, amsindikize. Wifi akasema ana mafua. Hakuwa na mafua.

Akaketi juu, kwenye viti vya wageni, na kwa kweli mdogo wake alisema siku ile. Aliwasemea wajane wanaolea watoto kwa moto wa uani mpaka waliokuwa wakisinzia wakafumbua macho. Spika akamshukuru. Kisha kengele ikalia, na mhudumu mmoja akamsogelea kinyozi akamgusa bega. Kinyozi akakusanya karatasi zake, akatokea mlango wa pembeni, nyuma ya watu wa kupeleka chai.

Mama Mikate alidhani ameitwa kwa dharura. Akawafikiria watoto wa mdogo wake. Akamuuliza mzee aliyeketi karibu naye kuna nini.

"Yule?" mzee akasema. "Hutoka kila wakati wa kura. Hana kura yule."

Chini mikono ikainuliwa. Wabunge waliziombea wilaya zao, na matanuri madogo ya wilaya hizo yakasamehewa, wilaya moja baada ya nyingine. Wilaya ya Mama Mikate ilipotajwa, mikono ilikuwa michache, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba ndiye aliyestahili kuinua. Asiyekuwepo na lake halipo.

Alimkuta mdogo wake kwenye benchi nje ya ukumbi, ameinama akitazama viatu vyake.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza, dada."

"Na ile tumepitisha, tumepitisha?"

"Nilitaka muone kwamba mna mtu."

"Mtu tunaye," akasema dada yake. "Tulikosa mkono." Akaondoka bila kuaga, yeye aliyemfundisha kuaga.

Yeye na waokaji wengine wakakataa kulipa. Wakaenda pamoja ofisi ya kodi, wakapokelewa na afisa kijana, mpole, aliyewavutia viti. Akawaeleza kwamba yeye hutekeleza tu. Sheria hutungwa na bunge, na asiyeridhika nayo akamwone mbunge wake. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amehamishiwa pale juzi tu na hakujua.

Wenzake walilipa mmoja mmoja, huyu kwa hofu, yule kwa kukopa. Mama Mikate hakulipa. Wakaja wakafunga mlango wa tanuri kwa waya na lakiri, na kuni alizokwisha kupanga zikanyeshewa uani. Mwisho akaajiriwa wilaya ya pili, ng'ambo ya daraja, kwa mwanamke mwenye tanuri dogo kama lile lake, lililosamehewa. Akawa anakanda unga wa mwenzake, na kodi ya mshahara ikakatwa kabla hajaushika.

Uchaguzi ulipokaribia tena, kinyozi alikuja jioni moja, akaketi kwenye kiti chake cha zamani. Akamwambia wanapeleka hoja, safari hii huenda wakapewa kura. Akasema bora kusikika kuliko kunyamaza.

"Anayelia msibani naye husikika," dada yake akamjibu. "Maiti haamki. Unataka nikupigie kura uende ukatolewe nje?"

"Nisipokwenda mimi, dada, ataketi nani?"

Dada yake alimkaribisha chakula na akala, maana ni mdogo wake. Siku ya kura Mama Mikate alikwenda kazini. Kinyozi akashinda, jina lake likiwa peke yake kwenye karatasi. Hakuna mwingine aliyekitaka kile kiti.

Siku hizi hukutana kwenye harusi na misiba ya ukoo. Mama Mikate humuulizia watoto, humjazia chai mwenyewe, hutania upara unaomnyemelea kinyozi mzima. Ya bungeni hayamuulizi, na yeye hayasemi.