Kostiki Inayotoa Jasho

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ameolewa Kirongwe. Akija kwetu Miburani anakuja na madumu ya mafuta ya nazi, na ndiye msomaji wetu. Kikundi chetu cha sabuni kina wanawake saba na hakuna mwenye sauti ya Yasini kama yake. Siku asipokuwepo tunasoma Fatiha, tunaanza kazi. Akiwepo tunasoma Yasini nzima, na dua ndefu juu yake, mpaka kiuno kinauma.

Sasa ikawa sabuni ya siku alizokuja yeye haigandi.

Mara ya kwanza tulilaumu mafuta. Mara ya pili tukatumia mafuta ya hapahapa Miburani, mambo yakawa yaleyale. Kesho yake tukifunua kibao cha kugandishia, sabuni imelala laini kama uji wa mtoto, hata kukatika haitaki. Mara ya tatu mwenyekiti wetu akaacha kulaumu mafuta.

"Mimi simsemi mtu," alisema. "Nasema jicho la husuda lipo, dini imelitaja."

"Tena akisoma kostiki inatoa jasho," mwingine akadakia. "Hamjaiona?"

Tuliiona wote. Kostiki ni vile vipande vyeupe vinavyogeuza mafuta kuwa sabuni, na ni vikali, vinaunguza mkono. Sisi tulikuwa tunaimwaga kwenye trei, tunaiweka katikati ya mkeka pamoja na mafuta, wazi bila kifuniko. Kwetu maji ya kisomo hayafunikwi, ndoo inaachwa wazi ili maneno yaingie. Tukafanya hivyohivyo kwa sabuni. Tukimaliza kusoma ndipo tunapima kwenye mizani na kuanza kukoroga.

Wakakubaliana wifi aambiwe asije tena, na mimi ndiye nikamwambie.

"Wewe ni wa nyumbani," mwenyekiti alisema. "Utalisema vizuri."

Hilo halina namna ya kusemwa vizuri. Neno kama hilo likifika Kirongwe kabla ya Magharibi, kesho yake hakuna atakayemwita kwenye maulidi wala kumpa mtoto mchanga ampakate. Atazeeka nalo. Nikawaambia simwambii, wanipe wiki mbili. Mwenyekiti akauliza za nini. Nikasema za kutafuta njia.

Neno hilo la njia nililitoa kwenye masomo ya jioni. Nilianza kusoma nimeshapita arobaini, nakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yananigonga mezani. Mwalimu wetu wa kemia ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Ananiita mama, lakini hanihurumii. Ukimjibu kwamba hiki kimechanganywa na kile kikatokea hiki, anakukata.

"Mama, sijauliza kimetokea nini. Nauliza kimepita wapi mpaka kikafika hapo. Hatua kwa hatua."

Swali hilo likanikaa. Nikawa naliuliza kwa kila kitu, hata mume wangu akachoka. Bei ya mwani tunaolima pwani iliposhuka, wanawake walisema wakala anayeununua katufanyia roho mbaya. Mwalimu wa biashara akatueleza kwamba mwani ukivunwa mwingi kila mahali, bei inashuka yenyewe, haimtaki mtu mbaya wala mzuri. Nikamuuliza na kwa nini wakala ni mmoja tu kisiwani kwetu, hiyo nayo imepita wapi? Akacheka, akasema hilo ni swali la mtihani wa mwaka mwingine. Mimi sikucheka. Niliona kwamba kostiki haina nia, lakini soko lina watu ndani yake, na ukiifuata njia mpaka mwisho unaweza kumkuta mtu amekaa. Ila umfuate kwanza ndiyo umtaje, usimtaje kwanza.

Wapo wanaodhani kuuliza njia ni kumpunguzia Mwenyezi Mungu uwezo wake. Nililipeleka kwa ustadhi wetu kwenye darsa la akina mama. Akasema moto hauunguzi kwa uwezo wake, anayeunguza ni Mungu, ila kaweka ada yake, yaani desturi, na ada yake haibadilishi ovyo, ndiyo maana tunapika. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa. Kama ni ada yake, basi kuijua ni adabu.

Siku moja nikachukua visahani viwili, nikaweka kostiki uzito sawasawa. Kimoja nikakitia ndani ya kopo nikalifunga. Kimoja nikakiacha wazi barazani, upepo wa bahari unapita. Nikaenda kuswali Alasiri, nikakaa na nyiradi zangu kama kawaida yangu. Niliporudi, ile ya wazi ilikuwa inatoa jasho, vitone vitone. Hakuna aliyeiangalia. Nikaiweka tena kwenye mizani, nikaikuta imeongezeka uzito. Ile ya kopo imebaki vilevile.

Nilikaa chini palepale. Kostiki inakunywa maji ya hewani. Kisomo kikiwa kifupi haiwahi kunywa. Kikiwa kirefu inakunywa, halafu sisi tunapima maji tukidhani tunapima kostiki, na mafuta yanakosa cha kuyagandisha. Njia yenyewe ndiyo hiyo, na wifi yangu hamo.

Kikundi hakikunielewa. Mwenyekiti akasema aletwe wifi, asome, tuone. Nikaenda Kirongwe, nikamweleza yote, sikumficha neno. Alikuwa anachambua korosho, hakuinua uso.

"Nije nijaribiwe kama sumu ya panya?"

"Hapana, wifi."

"Basi nenda. Mkitaka msomaji, mnaye huyo mwenyekiti."

Njiani nikaona kanisaidia kuliko alivyokusudia. Siku ya kazi nikamwambia mwenyekiti asome yeye, Yasini yote na dua yake, asipunguze. Nikaweka trei mbili, moja wazi, moja nimeifunika na ndoo.

"Sasa kisomo kitaingiaje humo?" akauliza.

"Dua inapita mbingu saba, mama. Itashindwa na ndoo ya plastiki?"

Walicheka, naye akasoma. Alisoma polepole, kwa kujiamini, kuliko hata wifi. Tukapima, tukakoroga mbele ya macho ya wote, kila trei na sufuria yake.

Kesho yake tukafunua. Sabuni ya trei iliyofunikwa ilikatika vipande safi. Ya trei ya wazi ilikuwa uji. Na wifi yuko Kirongwe na korosho zake.

Mmoja akasema taratibu, "Mwenyekiti, jicho kumbe unalo wewe." Kicheko kilichotoka kiliwaamsha kuku. Mwenyekiti hakucheka. Aliichota ile laini kwa kidole, akaitazama sana, kisha akavaa baibui lake.

"Twende Kirongwe," akasema.

Tulikwenda watatu. Wifi akapokea salamu, akatukaribisha mkekani, akatuacha tumekaa mpaka alipomaliza kuswali Adhuhuri na sunna zake zote. Mwenyekiti akamwambia, "Nilikusema vibaya, na waliosikia nitawaambia mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Nisamehe." Wifi akamsamehe kwa maneno machache. Kurudi hakusema.

Mwenyekiti akamwomba arudi, tumekosa sauti yake.

"Miaka miwili nasoma," wifi akajibu, "na sijawahi kupewa mwiko wa kukorogea. Nitakuja, lakini safari hii nakoroga mimi. Kusoma asome mwingine."

Mwenyekiti akasema sawa. Wiki iliyofuata alisoma yeye, trei imefunikwa, na wifi yangu alisimama penye sufuria, mikono imevaa glovu, anakoroga upande mmoja bila kugeuza mpaka sabuni ikashika.