Reli Zangu za Mezani

Jamani, nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Mimi fundi reli wa hapa Shinyanga, najulikana kwa maringo. Juzi stesheni masta alipata treni ya kuchezea, ya kujazwa kwa ufunguo. Akataka kuitandikia reli mezani, sebuleni kwake.

“Usiguse, bwana,” nikamwambia, “hii kazi ina wenyewe.”

Kwenye kila kiungo nikaacha upenyo wa kidole, kama tufanyavyo njiani, ili chuma kikipata joto kiwe na pa kutanukia. Wageni wakaja. Treni ikaondoka kwa mbwembwe, ikafika upenyo wa kwanza, ikapiga mbizi kwenye chai ya padri.

Nikawaeleza kwa kirefu ukali wa jua letu. Mke wa stesheni masta akatazama dari, kisha akanigeukia mimi.

“Baba Masanja, humu ndani jua litapitia wapi?”